Siku Kweyu Alipomshinda Abdijabar

Miaka hiyo, mtu akifika Mbotela na simu iliyopasuka kioo, alielekezwa kwa Kweyu. Kibanda chake kilibanwa kati ya mama muuza sukuma wiki na kinyozi, na ndani mlikuwa na nafasi ya fundi, meza na mteja mmoja. Hakuwa bingwa kuliko mafundi wote wa Barabara ya Jogoo, wapo waliomzidi. Watu walimpendea mazungumzo. Alikuwa akifungua simu yako na kupanga skrubu zake ndogo juu ya kitambaa cheupe, na kabla hujakaa sawasawa kwenye stuli, ameshaanza kukupa habari za Jabali.

Jabali hakuwa mtu wa nyama na damu. Alikuwa shujaa wa gemu ya kompyuta iliyoitwa Ngome za Ukungu, gemu ambayo mchezaji hupewa mtu asiye na mbele wala nyuma, akampa jina, kisha akamlea. Unamtuma porini, anapigana, anajifunza uchawi, anapanda daraja baada ya daraja. Kweyu alikuwa na Jabali tangu kabla binti yake Akech hajaanza shule. Mwanzoni Jabali alikuwa mchunga mbuzi mwenye fimbo, na siku ya kwanza kutoka kijijini aliraruliwa na mbwa mwitu hata hajavuka mto. Sasa alikuwa mwingine. Alitembea juu ya moto wa volkano kama mtu anayetembea kwenye nyasi. Aliita nyota zikaanguka. Alisimamisha wakati, adui akabaki ameinua upanga hewani, naye akamzunguka taratibu akichagua pa kupiga.

"Sasa niambie," Kweyu angemuuliza mteja, bisibisi mkononi, "hawa wa kwenye vitabu vya katuni, wanaovaa nguo za kubana, yupi kati yao atamgusa mtu aliyesimamisha wakati?"

Mteja alitaka simu yake tu, naye Kweyu akahesabu ameshinda.

Kusema kweli, Kweyu mwenyewe alikuwa mtu mpole hadi kero. Baba yake alifanya kazi reli, mtu mkubwa mwenye sauti, na katika kile chumba chao cha Mbotela hapakuwa na nafasi ya sauti ya pili. Shuleni alipigwa. Alipokua akaoa, mkewe Jacklyne ndiye aliyekabiliana na mwenye nyumba, ndiye aliyemrudisha muuza gesi aliyewapunja. Kweyu alisimama nyuma yake akirekebisha kola ya shati. Lakini habari zikiwa za Jabali, mgongo wake ulinyooka na maneno yakamjia yenyewe.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumjibu, na huyo alikuwa Abdijabar.

Abdijabar alikuwa na duka la viatu Umoja, karibu na Barabara ya Outer Ring, akisaidiwa na mkewe Batulo. Alizaliwa hapa hapa Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtaani kama cha Kweyu. Tangu ujana alikusanya vitabu vya katuni kutoka kwa wauza vitabu vikuukuu wa kando ya barabara, akavifunga kimoja kimoja kwenye nailoni, akaviweka sandukuni kama mtu anavyoweka vyeti vya shamba. Aliyempenda kuliko wote ni Tetemeko, mpiganaji ambaye akikanyaga ardhi, mji mzima hutikisika. Siku aliyoleta simu yake itengenezwe, Kweyu alianza kama kawaida yake, naye Abdijabar akavuta stuli, akasema, "Ngoja kwanza. Huyo Jabali wako ana uzito gani? Kwa sababu Tetemeko aliwahi kubeba meli begani." Simu ilimalizika kutengenezwa saa nyingi kabla mabishano hayajamalizika.

Tangu hapo wakawa marafiki. Jumamosi mchana walikutana Soko la Burma, kwenye bucha moja ya Mwislamu ambako wote wawili waliweza kula, na nyama ikiwa bado motoni mabishano yalikuwa yameshapamba moto. Abdijabar alikuwa na utulivu wa kuudhi. Kweyu angemaliza kueleza jinsi Jabali alivyoliua joka lililomeza mwezi, akitoa jasho, naye Abdijabar angechukua kipande cha mbavu, akakichovya chumvini, akauliza, "Na hilo joka liliwekwa pale na nani?"

"Na watengenezaji wa gemu."

"Waliliweka ili lishindwe. Basi hapo umeshinda nini, ndugu yangu?"

"Na Tetemeko je? Si anashinda kwa sababu mchoraji anataka ashinde?"

"Mara nyingine mchoraji anamwacha ashindwe. Ndipo ninapompendea."

Wachoma nyama waliwajua. Watu wa meza za jirani walivuta viti. Hakuna aliyekasirika kamwe, na wakitoka pale walitembea pamoja mpaka njia ilipowagawanya, bado wakibishana.

Ilikuwa Jumamosi moja kama hizo, wengine wameshaondoka, ambapo Abdijabar alimweleza Kweyu jambo. Miaka michache nyuma majambazi walikuwa wameingia dukani kwake mchana kweupe. Mtaa mzima ulijua hilo. Ulijua pia kwamba Batulo alikuwa peke yake, kwamba walimpiga makofi na kuchukua walichochukua, na kwamba Abdijabar alikuwa msikitini.

"Sikuwa msikitini," Abdijabar alisema. Alikuwa akiitazama sahani. "Nilikuwa mle ndani. Nilikuwa nyuma ya maboksi ya viatu nikipanga mzigo mpya. Niliona bastola, nikachutama. Nilimsikia akipigwa, Kweyu, na miguu ilikataa. Walipotoka, nikapita mlango wa nyuma, nikazunguka, nikaingia kwa mbele kama mtu anayerudi. Mpaka leo Batulo hajui."

Kweyu alisogeza sahani kando. Alimshika bega.

"Sijamwambia mtu mwingine," Abdijabar alisema. "Nilikuwa naona kama itanipasua."

"Hapa imefika na hapa itazikwa," Kweyu alijibu, na aliposema hivyo alimaanisha.

Mwaka uliofuata, Ndinda, mwanamke aliyesimamia maktaba ndogo ya vijana kule Umoja, alipata wazo. Vijana hawakuja kusoma, lakini habari za mabishano ya Burma zilikuwa zimemfikia. Akapanga mdahalo kwenye ukumbi wa mtaa: nani ana nguvu zaidi, shujaa wa gemu au mpiganaji wa katuni. Fundi Kweyu upande huu, Abdijabar wa viatu upande ule, kipaza sauti katikati, na hadhira ipige kura kwa kuinua mikono.

Kweyu alijiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani. Jacklyne alimpigia shati pasi. Akech aliwaalika wenzake wa shule, akawaambia baba yake hajawahi kushindwa. Siku yenyewe ilipofika, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Jacklyne na Akech walikaa safu ya mbele. Batulo alikuwa mlangoni na beseni la sambusa alizoleta kuuza, amezifunika kwa kitambaa cha maua.

Kweyu alianza vizuri mno. Alieleza nguvu za Jabali moja baada ya nyingine, akionyesha kwa mikono, na vijana wakapiga miluzi. Aliposema Jabali alianza na fimbo ya mbuzi na kila alicho nacho amekitafuta mwenyewe, hakuzaliwa nacho wala hakupewa na ajali ya maabara, ukumbi ulishangilia. Aliketi huku masikio yakimwaka kwa furaha.

Abdijabar alisimama, akairekebisha miwani yake, akamgeukia. "Ndugu yangu Kweyu, nina swali moja dogo. Jabali amekufa mara ngapi?"

"Nani anahesabu? Mara nyingi."

Watu wakacheka.

"Na akifa inakuwaje?"

"Anarudi pale gemu ilipohifadhiwa. Anaanza tena."

"Anakumbuka kwamba alikufa?"

"Mimi ndiye ninayekumbuka."

"Wewe, naam. Yeye hakumbuki kitu." Abdijabar aliugeukia ukumbi. "Basi huyu Jabali hajawahi kuogopa hata siku moja. Ana nguvu, sikatai. Lakini tingatinga lile linalochimba barabara kule nje lina nguvu kutushinda sote humu ndani, na hakuna anayeliita shujaa. Tetemeko akivunjwa mkono, ukurasa wa pili bado una bandeji. Anajua anaweza asirudi nyumbani. Anatetemeka yeye kwanza, kisha ndipo ardhi inatetemeka. Mimi nguvu ninazozihesabu ni hizo."

Ukumbi ulilipuka. Vijana waligonga viti. Mmoja aliita, "Fundi, umepigwa knokauti," na kicheko kikapita safu hata safu. Kweyu alitazama mbele akamwona Akech ameinamisha kichwa, na rafiki yake mmoja akimnong'oneza kitu huku akicheka. Akaona hata Jacklyne anatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyesikia neno zuri, lakini Kweyu hakuliona hivyo. Alijiona yuko uwanja wa shule tena, wamemzunguka.

Alikinyakua kipaza sauti.

"Abdijabar anatufundisha habari za woga," alisema. "Mwacheni afundishe, anaujua vizuri. Mwulizeni alikuwa wapi siku majambazi walipoingia dukani kwake. Atawaambia alikuwa msikitini. Mimi nawaambia alikuwa mle mle ndani, amechutama nyuma ya maboksi ya viatu, mkewe anapigwa makofi. Hata Jabali wa siku ya kwanza, yule wa fimbo ya mbuzi, angetoka."

Kisha kijana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya kuimba, "Maboksi," na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ndinda alisimama akijaribu kuwanyamazisha. Hakuna aliyemsikia. Walipoambiwa wapige kura, mikono iliinuka kwa Kweyu kama mahindi shambani.

Abdijabar hakujitetea. Alimwendea Kweyu, akampa mkono, akasema, "Hongera." Kiganja chake kilikuwa baridi. Ndinda alimvisha Kweyu kofia yenye jina la maktaba, iliyokuwa ndiyo zawadi, bila kumtazama machoni. Kweyu alipogeuka kuelekea mlangoni, Batulo alikuwa ameshalibeba beseni lake anatoka, na sambusa hazijauzwa hata nusu.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Jacklyne alitembea mbele yao. Akech ndiye aliyeuliza.

"Baba, ile ya maboksi ni kweli?"

"Ni kweli."

"Nani alikuambia?"

"Yeye mwenyewe."

Akech alitembea hatua kadhaa akifikiri. "Sasa alikuambia ili uwaambie watu?"

Kweyu alivua ile kofia akaikunja ikawa ndogo kiganjani.

Nyumbani, Jacklyne aliweka chakula mezani, akaketi mkabala naye. "Baba Akech, uliuona uso wa Batulo?"

"Sikuuona."

"Mimi niliuona," Jacklyne alisema, akaanza kula.

Kweyu alijiambia mambo yatapoa. Watu wa Eastlands wana mengi ya kucheka. Wiki haiishi kabla hawajapata lingine. Lakini siku chache baadaye kijana mmoja alileta simu iliyokuwa haitoi sauti. Kweyu aliifungua, akasafisha spika, akaunga waya uliokatika, akamrudishia aijaribu. Kijana akabonyeza vidio ya kwanza aliyokuwa nayo. Kibanda kikajaa sauti. "...amechutama nyuma ya maboksi ya viatu, mkewe anapigwa makofi..." Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, yenye raha ndani yake. Hakuwahi kujua ana sauti ya namna hiyo.

"Fundi, hapo ulimmaliza," kijana alisema akicheka. "Hii imefika mpaka Kayole. Siku hizi anaitwa Maboksi tu."

"Futa hiyo kitu," Kweyu alisema.

"Nifute mbona? Iko kwa simu ya kila mtu."

Kuanzia siku hiyo Kweyu hakuweza kupita Umoja. Akihitaji vipuri alizunguka njia ndefu. Jumamosi ilipofika hakwenda Burma. Alimwambia Jacklyne ana kazi nyingi, naye Jacklyne hakujisumbua hata kumkatalia. Alikuwa akikaa kibandani na ghafla, bila kumfikiria Abdijabar kabisa, alisikia uso unamwaka moto, kama mtu aliyefumaniwa. Alimkumbuka akiitazama sahani. Alikumbuka alivyomshika bega. Kiganja hicho hicho ndicho kilichoshika kipaza sauti. Jambo lililomuumiza zaidi ni kwamba hakuweza kusema ulimi uliteleza. Alikuwa amelitafuta lile neno, akalipata, akalipima, akaliona kuwa litatosha.

Hatimaye alijikaza akaenda dukani, asubuhi, kabla wateja hawajawa wengi. Abdijabar hakuwepo. Batulo alikuwa akipanga viatu vya watoto kwenye rafu ya chini. Alimwona, akamaliza jozi aliyokuwa nayo, ndipo akasimama.

"Karibu, shemeji."

Heshima ile ilimtahayarisha kuliko tusi. "Nimekuja kuomba radhi," Kweyu alisema. "Kwake, na kwako pia. Nilisema uongo wa..."

"Hukusema uongo," Batulo alimkata, bila ukali. "Usiongeze uongo juu ya kosa. Ulisema kweli. Mimi niliijua kabla yako."

Kweyu alimtazama.

"Nilijua tangu siku ile. Nilikuwa nimesimama hapa, yule mtu yuko pale na bastola, na nyuma yake niliyaona yale maboksi. Nilimwona Abdijabar akiinama. Macho yetu yalikaribia kukutana. Unajua niliomba nini? Nilimwomba Mungu asitoke. Angetoka wangempiga risasi, leo ningekuwa mjane. Kila kofi nililopigwa nilikuwa nasema moyoni, kaa hapo hapo, kaa hapo hapo."

"Na hukumwambia?"

"Alipoingia kwa mlango wa mbele akauliza kwa sauti kubwa kumetokea nini, eti ametoka kuswali, niliona ndivyo anavyotaka iwe. Nikamwachia. Mtu akijisitiri na wewe unamfunua, umepata nini? Tukaishi hivyo miaka yote, yeye akidhani sijui, na mimi nikijua. Tulikuwa sawa."

Mteja mwanamke aliingia, akauliza bei ya ndara, akatoka. Batulo alisubiri mpaka aende.

"Baada ya siku ile ya ukumbini nimemwambia yote. Nimemwambia niliona, nimemwambia nilivyoomba. Haamini. Anadhani nayatunga ili kumfariji. Kama ningemwambia mwenyewe, kwa wakati wangu, pengine angeamini. Nilikuwa nikiusubiri wakati huo." Alichukua boksi jingine, akalifungua. "Wewe, shemeji, ulinipokonya huo wakati. Hilo ndilo ulilofanya. Sio lile watu wanalolicheka."

Kweyu alitoka pale kama aliyevuliwa nguo. Alikuwa amekwenda akijua kosa lake. Sasa aligundua kwamba hakuwa amelijua hata nusu.

Alipata wazo moja, na kwa sababu halikuwa na mwenzake, akalishika. Jumamosi iliyofuata alikwenda Burma. Bucha ilikuwa imejaa, moshi umetanda, na watu walipomwona wakamwitia kiti wakitaka habari za Jabali. Kweyu hakukaa. Alisema kwa sauti ya juu kwamba alilomfanyia Abdijabar lilikuwa jambo chafu, kwamba lilikuwa siri ya rafiki na yeye ameiuza kwa makofi ya ukumbini. Kwamba yeye mwenyewe, Kweyu, angekuwa dukani siku ile angechutama vilevile, tena angelia. Na kwamba anawaomba waache kumwita mwenzao Maboksi.

Wachache waliitikia kwa kichwa. Mutisya, mchoma nyama mzee kuliko wenzake, alimwambia kwa upole, "Fundi, kaa chini ule, hiyo ilishapita." Lakini meza ya pembeni kulikuwa na wageni wasiojua lolote. Walimwuliza jirani yao huyo Maboksi ni nani, naye akawaeleza hadithi nzima kuanzia mwanzo, wakacheka. Kweyu aliisikia ikisimuliwa akiwa amesimama pale pale, hajamaliza kuomba.

Siku mbili hazikupita kabla Abdijabar hajaja kibandani. Alikuwa amekonda. Hakuketi kwenye stuli.

"Nimesikia ulinitetea," alisema.

"Nilijaribu, ndugu yangu. Nisamehe. Sijui..."

"Usinitetee tena." Hakuwa na hasira. Alizungumza kama mtu aliyechoka kubeba mzigo na sasa anaeleza tu mahali pa kuuweka. "Kila ukinitetea, watu wanakumbuka. Waliokuwa hawajui wanajua. Ukitaka kunisaidia, nyamaza."

"Ninyamaze tu?"

"Ulichelewa kunyamaza, lakini nyamaza."

"Na sisi je?" Kweyu aliuliza. "Mimi na wewe?"

Abdijabar alizitazama skrubu zilizopangwa juu ya kitambaa. "Mimi hasira nimeitafuta, Kweyu, sikuipata. Ningekuwa na hasira ningekupiga, kisha tungekula nyama. Tatizo ni kwamba nikikuona wewe, naiona ile siku. Zamani nilikuwa nikikuona nasahau." Akamuaga vizuri, kama watu wazima wanavyoagana, akaondoka kuelekea barabarani.

Kweyu alinyamaza. Hiyo ilikuwa adhabu ngumu kuliko aliyowahi kuiwazia, maana aibu inataka kuzungumza. Inataka kusimama mahali ijieleze mpaka mtu aseme basi, imetosha. Yeye hakuwa na wa kumwambia hivyo. Mteja akija na kutaja Maboksi, hakukana wala hakuchangia. Aliinamisha kichwa kwenye kazi mpaka mteja akachoka. Polepole wateja wakazoea. Wengine walisema fundi siku hizi amekuwa mkali, wengine wakasema ameokoka. Ndinda alipopanga mdahalo mwingine na kumwomba awe mwamuzi, alimshukuru akakataa. Gemu aliendelea kuicheza mara moja moja, lakini akishamaliza alizima kompyuta, na hakumhadithia mtu.

Jacklyne hakumsema tena. Alikuwa na njia yake. Alianza kupita dukani kwa Batulo kila alipokwenda Umoja, mara kununua viatu vya Akech vya shule, mara kumpelekea mboga za kienyeji zilizotoka kwao, mara kukaa tu. Akirudi hakuleta habari, na Kweyu hakuuliza.

Mwezi wa Ramadhani ulipita, Idi ikapita. Jioni moja Jacklyne aliingia, akaweka mkoba juu ya kiti, akavua viatu taratibu.

"Batulo anakusalimu," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza. Kweyu, aliyekuwa akimsaidia Akech hesabu, aliweka kalamu chini.

"Anasema juzi Abdijabar alimwuliza tena habari za ile siku. Mwenyewe, bila kuchokozwa. Walikuwa wanafunga duka. Alimwuliza, hebu niambie tena uliponiona ulikuwa umesimama wapi. Batulo akaenda akasimama pale pale, naye Abdijabar akaenda nyuma, penye maboksi. Akainama. Akamwuliza, kutoka hapo kweli unaniona? Batulo akamwambia, nauona mguu wako na nusu ya kichwa. Anasema alikaa kule nyuma muda mrefu kabla hajatoka."

"Alipotoka..." Kweyu alianza.

Alitamani kuuliza Abdijabar alisema nini, kama aliamini, kama alilia, kama alimtaja yeye. Swali lilimfikia mdomoni. Jacklyne alikuwa akimtazama, na pengine angejibu.

Lakini yale yalikuwa mambo ya nyumba ya watu. Kweyu alichukua kalamu, akamwuliza Akech walikuwa wamefikia swali gani.